Kompyuta ya Kamati ya Josho

Mlali, 14 Januari 2024

Kwa mke wangu Ruthu,

Mbukwa! Habari za Nkuhungu, na za hao wanaume wa mjini wanaokusumbua? Waambie mumeo yu hai, meno anayo ya kutosha na fimbo iko nyuma ya mlango. Sisi huku hatujambo. Mvua ilinyesha wiki ya sikukuu ikatuaga, sasa imerudi kama mgeni aliyesahau kofia yake. Mahindi yamefika magotini. Baba yako mkubwa Thomas amepona jino lakini hajapona maneno. Yule mbuzi wako mwenye pembe moja amezaa, na mtoto ni mzuri kuliko mama yake.

Utajiuliza kwa nini mjukuu mwenye simu tatu anaandikiwa barua. Simu ya hapa nyumbani anaishika Thomas, mwanangu mwenyewe, naye hajui kuongea bila kuweka spika ya nje. Mara ya mwisho nilipokueleza habari za tumbo langu, Jumapili yake Mchungaji alinipa pole mbele ya kanisa zima. Kwa hiyo mambo yangu na yako yatakwenda kwa bahasha. Obedi, kondakta wa basi letu, ameapa kwamba hataifungua.

Jambo lenyewe ni la kikazi. Mimi bado ni mwenyekiti wa kamati ya josho. Afisa mifugo anataka habari za kuogesha ng'ombe ziwekwe kwenye kompyuta, na picha za wenye vidonda na wenye kupe. Kamati imekubali. Tatizo ni kwamba wajumbe wangu hawajui kompyuta wala dada yake. Wewe ndiye fundi wa vitu hivyo, basi tushauri. Katibu wetu aliona moja kwenye semina kule Kongwa, ina kioo cha kugusa na inajikunja mpaka mgongo unakutana na mgongo, halafu unaisimamisha kama hema. Katibu ameipenda sana. Nami naona katibu ana macho mazuri ya kuchagua vitu.

Tueleze uzuri wake na ubaya wake bila kuficha, kama unavyomweleza ndugu anayekwenda kununua ng'ombe mnadani. Iwe ya bei ya chini, maana josho letu halina utajiri.

Mimi mumeo,
Nathanaeli


Nkuhungu, Dodoma, 27 Januari 2024

Shikamoo mume wangu,

Barua imefika, bahasha inanuka karanga. Obedi hakuifungua, isipokuwa aliponikabidhi aliniuliza kama ile ya kujikunja inapatikana hapa Dodoma. Sijui alijuaje.

Mimi ni mzima. Wanaume wa mjini hawanisumbui, wananiletea tu simu zilizotumbukia chooni na kuapa kwamba zimelowa mvua. Nyumba ninayopanga imepata maji, sasa tunasubiri yatoke. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi.

Haya, kazi. Mashine hizo nimezifungua nyingi, nazijua mpaka matumboni. Uzuri wake ni kwamba ni nyepesi, unaibeba kwapani ukienda josho. Nyingi hazina feni, kwa hiyo hazipigi kelele wala hazivuti vumbi ndani, na kwa huko kwenu hilo si jambo dogo. Betri inakwenda kutwa nzima kama huibebeshi mizigo ya watu wazima. Ukiisimamisha hema, watu kadhaa wanatazama bila kugombana.

Ubaya wake sasa. Zile za bei ya chini zina kioo kinachong'aa mno. Juani utaona uso wako na mawingu, ng'ombe hutamwona. Spika wameziweka tumboni, kwa hiyo sauti inaongea na meza badala ya kuongea na wewe. Nafasi ya kuhifadhia ni finyu, ukijaza picha inagoma. Ukiikunja uishike mkononi unachoka upesi, na vidole vinagusagusa kibodi kule nyuma mpaka unadhani umeharibu kitu. Na bawaba, babu! Mashine ya kujikunja ni bawaba. Vumbi likiingia pale itaanza kulia kila ukiifungua, na siku moja itakataa.

Kwa hiyo nasema nunueni ya kawaida. Kuogesha ng'ombe hakuhitaji kitu kinachojikunja. Najua pia kwamba ushauri wangu utaupokea kwa heshima na kuutia mfukoni, basi nimewatafutia moja nzuri iliyotumika kidogo, Obedi anaileta wiki ijayo.

Swali dogo. Katibu wa kamati niliyemwacha mimi ni Mzee Matonya, naye semina haendi hata umfunge kamba. Huyu mwenye macho mazuri ni nani? Kama unaniletea mke mwenza, niambie mapema nipange vyombo vyangu. Natania, lakini nijibu.

Mkeo,
Ruthu


Mlali, 3 Machi 2024

Mke wangu Ruthu,

Mbukwa! Salamu zako zimepokelewa na kugawanywa. Thomas anasema umesahau kumtaja, basi mtaje kidogo. Alizeti imechanua upande wa kanisani, upande wetu bado inajifikiria. Shemasi ameanguka kwenye baiskeli, hakuumia, ila baiskeli ni ya kanisa na sasa tuna kikao.

Mashine imefika salama. Ni nzuri kuitazama. Lakini nina malalamiko makubwa kuhusu kioo chake cha kugusa, maana kimenikataa mimi.

Nilikigusa mbele ya wajumbe wote, kimya. Nikagusa tena kwa adabu, kimya. Thomas akagusa kwa nguvu kama anayebandua kupe, kimya. Wajumbe wakapita mmoja mmoja, watu wazima wenye mashamba yao, na vidole vyote vikakataliwa. Habibu, yule mfugaji aliyehamia kutoka Busi, akasema ni kwa sababu ya jembe na kamba za ng'ombe, ngozi zetu zimekuwa soli. Katibu akagusa kwa ncha ya kidole tu, ikafunguka yote. Tukiwa bado tunashangaa, ndama wa Habibu akapitisha ulimi kwenye kioo, na hapo pia ikafunguka, tena ukurasa ambao hatukuwa tumeuona. Ruthu, ulimi wa ndama umekubaliwa na kidole cha mwenyekiti kimekataliwa. Tulilijadili na hatukufikia mwafaka.

Kwa hiyo sasa mimi nasema na katibu anagusa. Kazi inakwenda.

Uliyosema kuhusu jua ni kweli. Siku ya kuogesha hatukuona kitu. Katibu akafungua kitenge cha mabegani, tukajifunika sisi wawili na mashine ndani, ikaonekana vizuri kabisa. Watu waliopita walitusalimia, nasi tuliitikia tukiwa humohumo. Spika ni kweli haisikiki, lakini mtu akisogea karibu anasikia.

Uliniuliza kuhusu katibu. Mzee Matonya alijiuzulu kwa ajili ya mgongo, kamati ikachagua mwingine. Karanga nilizokutumia usizikaange zote kwa siku moja.

Mumeo,
Nathanaeli


Nkuhungu, 19 Machi 2024

Shikamoo mume wangu,

Baba mkubwa Thomas namsalimia kwa jina lake kamili. Nampa pole shemasi, na pole zaidi kwa baiskeli.

Nimecheka habari ya ndama mpaka mteja akadhani nacheka simu yake. Habibu amesema sawa, ngozi ikikauka na kukomaa kioo hakiitambui, na ulimi una maji ndiyo maana unapita. Usione aibu, hata mafundi wa ujenzi wa hapa wananiambia hivyohivyo. Dawa ipo, tena si moja. Kuna kalamu maalumu ya kugusia kioo, inamsikiliza yeyote anayeishika. Kuna karatasi ya plastiki inabandikwa juu ya kioo kupunguza mng'ao, hamtahitaji kitenge. Kuna spika ndogo ya kuweka pembeni, mtasikia hata mkikaa mbalimbali. Na kama mkitaka, nirudishieni mashine yenyewe, niwape ya kawaida yenye kioo kisichong'aa na kibodi ya uhakika. Mwenye duka aliyeniuzia amekubali kubadilishana. Nimekwisha kukuwekea kalamu kando.

Sasa turudi kwenye kitenge. Wanaume wa kwetu nawajua. Wanavaa mgolole, wanavaa makoti ya mitumba, hawavai kitenge mabegani. Kwa hiyo katibu ni mwanamke. Ana jina?

Mkeo mwenye subira,
Ruthu


Mlali, 28 Aprili 2024

Mke wangu,

Mbukwa! Usinione nimechelewa, tulikuwa kwenye karanga. Mgongo unauma lakini magunia yamesimama. Kikao cha baiskeli kimeahirishwa kwa sababu shemasi alikuja nayo.

Nimezifikisha hoja zako kwenye kamati. Kuhusu kalamu, kamati imeona haina haja. Kuhusu karatasi ya kuzuia mng'ao, kamati imeona kitenge kinatosha. Kuhusu spika ya pembeni, kamati inasikia vizuri. Kuhusu kubadilisha mashine, kamati imeshangaa kwa nini mtu abadilishe kitu kinachofanya kazi. Utauliza kamati ilikaa lini. Ilikaa juzi, mimi na katibu, akidi ilitimia.

Hata hivyo imeanza kusumbua. Bawaba inalia kama ulivyotabiri. Tukiikunja yote, kibodi inakufa kabisa, ukiigonga haijibu. Na tangu ndama yule apitishe ulimi mara ya pili, inasema nafasi imejaa na haipokei tena hata picha ya kwato. Nimeifunga kwenye shuka, Obedi anakuletea. Tengeneza bawaba, amsha kibodi, basi. Yaliyomo ndani ni habari za kupe, huna haja ya kujichosha kuyatazama.

Kuhusu swali lako, jina analo.

Mumeo,
Nathanaeli


Nkuhungu, 9 Mei 2024

Babu,

Shikamoo.

Mashine nimeitengeneza. Bawaba ilijaa vumbi na pumba, nimeisafisha na kukaza skrubu zake. Kibodi haikufa. Mashine hizi zikikunjwa mpaka nyuma zinazima kibodi zenyewe, kwa makusudi, ili vidole visiharibu kazi. Ukiirudisha kawaida inaamka. Kioo kilikuja na mafuta, nimekifuta.

Nafasi ilijaa kwa sababu ya video moja. Kamera ilikuwa wazi, ndama alipolamba ikaanza kurekodi, naye akaondoka, nayo ikaendelea mpaka nafasi ikaisha. Sikuifuta.

Katibu nimemtambua, ni Mwalimu Emiliana.

Wasalimie wote.

Ruthu


Mlali, 2 Juni 2024

Mke wangu Ruthu,

Mbukwa. Mashine imefika, bawaba haina sauti, kamati inakushukuru. Baridi imeanza mapema. Mbuzi wako mdogo ameingia jikoni kwa Thomas akala unga, wakagombana.

Umeniandikia Babu. Ni kweli mimi ni babu yako, lakini hujawahi kuanza barua hivyo, hata ulipokuwa shuleni ukiomba sabuni. Nimeisoma upande wa nyuma pia nikidhani kuna maneno mengine.

Niandikie hata la kunisema. Nangoja.

Nathanaeli


Mlali, 14 Julai 2024

Ruthu,

Obedi amerudi mara nyingi mikono mitupu. Nilimwambia pengine hakukuona. Akasema alikuona, ukampa maji ya kunywa, ukamuuliza habari za barabara, ukarudi kazini. Basi naelewa.

Leo sitaanza na mbuzi. Nitasema lililo moyoni, maana nimelizungusha kwenye josho miezi yote hii na ng'ombe wenyewe wamechoka.

Nataka kumwoa Mwalimu Emiliana. Amestaafu, amerudi kwao hapa, mumewe alifariki zamani kama unavyojua. Tulianza na kupe, kweli kabisa. Kisha tukawa tunakaa kidogo baada ya kupe. Ile mashine ukiniuliza mimi ni mbovu, kila kitu chake kinahitaji watu wawili, nami nikawa naamka asubuhi nikiomba isije ikapona.

Nina upweke, Ruthu. Kwa Thomas wananiletea chakula kizuri, ugali wa uwele na mlenda, hakina kasoro. Kasoro ni kwamba nakula nikijisikia ninavyotafuna. Tangu bibi yako atutoke nyumba hii haina mtu wa kuniambia nimekosea. Siwezi kuzoea, nimejaribu.

Thomas amekubali. Mchungaji amekubali, anangoja kutangaza kanisani. Wote nimewaambia mwenye nyumba hajajibu. Walicheka, wakadhani ni ule utani wetu wa mume na mke. Mimi sikucheka. Siku uliyozaliwa bibi yako alikupakata akasema, huyu ni mimi, nikiondoka atanishikia zamu. Ndipo ukaitwa Ruthu, jina lake. Nikitaka ruhusa yake leo, sina pengine pa kuandika barua isipokuwa Nkuhungu.

Emiliana naye anasema hivyohivyo. Anasema hawezi kuingia nyumba ambayo mwenyewe amefunga mlango.

Ukisema hapana, nitabaki na josho langu. Sitakuuliza sababu wala sitakununia, na karanga utaletewa.

Nathanaeli


Nkuhungu, 11 Agosti 2024

Shikamoo mume wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Sikuwa nimeacha kuandika. Kila nilipoanza barua nilijikuta naandika habari za bawaba, nikaichana.

Nimeitazama ile video zaidi ya mara moja. Mwanzo ni pua ya ndama tu, imejaa kioo chote. Kisha anaondoka, linaonekana benchi la josho na ninyi wawili. Mwalimu Emiliana anatoa kichupa cha mafuta ya alizeti kwenye mkoba, anakushika mkono, anakupaka kidole kimoja kimoja mpaka kwenye kucha. Anasema, "Haya, nenda kajaribu." Unanyanyuka, unakuja na kidole kinang'aa, unagusa, mashine inakataa. Unarudi kukaa na kucheka. Babu, ulicheka mpaka ukajishika mbavu, na yeye akacheka akiwa ameshika mkono wako bado. Sijakusikia ukicheka hivyo tangu bibi atutoke. Nilipaswa kufurahi. Nilifunga duka mchana nikalia.

Nilikuwa na wivu, na si ule wetu wa kutaniana. Bibi ndiye aliyenilea. Niliona kwamba Mwalimu akiingia, bibi atakuwa ametoka tena mara ya pili, na mimi nitabaki na jina lisilo na kazi. Nikakasirika na wewe, nikamkasirikia na ndama. Barua yako ya Julai nilipoifikia pale uliposema huna pengine pa kuandika, hasira iliisha. Kumbe jina lilikuwa na kazi muda wote, nami ndiye niliyekuwa nimelala kazini.

Kuna jingine nakueleza wewe tu. Namwogopa. Darasa la tano alinisimamisha ubaoni kwa ajili ya hesabu za sehemu, na mpaka leo nikikata chapati nasikia sauti yake. Ni mkali, hacheki ovyo, na alikuwa anajua tumekosea kabla hatujakosea. Mtu aliyenipigisha magoti atakuwaje mke mwenzangu? Halafu mimi ndiye niwe mkubwa!

Ulisema hutaniuliza sababu za hapana. Nilizitafuta, sikupata hata moja ambayo ningeweza kuisema mbele ya bibi. Angeniuliza tu kama umekula.

Basi nisikilize, naongea kama mwenye nyumba. Jiwe la bibi la kusagia lisihamishwe pale lilipo. Nikija likizo, paja la kuku ni langu hata kama kuna wageni. Mwalimu asiniulize hesabu za sehemu mbele ya watu. Na ile kalamu niliyokuwekea nimeiuza, hamtapewa kalamu, hamtapewa karatasi, wala spika. Mtumie mashine hivyohivyo na ubovu wake.

Nimekubali. Mimi Ruthu, kwa niaba ya Ruthu, nimekubali.

Mkeo mkubwa,
Ruthu


Mlali, 1 Septemba 2024

Mke wangu, mwenye nyumba yangu,

Mbukwa, mbukwa tena! Leo habari za nyumbani ni barua yako, nyingine hazipo.

Obedi aliniletea nikiwa njiani kwenda kwa Emiliana, nikaifungua palepale. Nilipofika nikataka kumsomea, nikaishia mstari wa pili. Akavaa miwani, akaichukua, akaisoma yote kwa sauti. Alipofika pale ulipoandika kwamba ni mkali hakupunguza hata neno. Nikajua nimekwisha. Akamaliza, akaikunja vizuri.

Kisha akasema, "Huyu mtoto jibu alikuwa analipata siku zote. Nilimsimamisha kwa sababu hakuwa anaonyesha njia. Sasa ameonyesha njia." Akavua miwani akajifuta macho. Nami nilijifuta, ila mimi nilisingizia vumbi.

Sasa sikiliza lililofuata, maana ndilo limetukwamisha. Alinyanyuka, akajifunga kitenge kiunoni, akauliza Dodoma iko upande gani. Nikamwonyesha. Akageukia huko, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo wasichana, akasema, "Mwandikie hivi: Emiliana anasema, shikamoo dada." Nikamwambia, Emiliana, huyo ulimfundisha wewe, ulimpigisha magoti. Akasema, "Nyumba ina mkubwa na mdogo. Mimi ndiye ninayeingia."

Na hataki kusikia neno jingine mpaka aitikiwe. Mchungaji alitaka kutangaza Jumapili, akamzuia. Thomas alitaka kuja kumsalimia kama mama, akamrudisha getini. Anasema huwezi kuendelea na mambo huku salamu yako haijajibiwa. Wajumbe wa josho wananiuliza, Habibu ananiuliza, mimi nasema tunangoja basi. Nakuomba mke wangu usikawie, mtu yuko na shikamoo hewani.

Mumeo,
Nathanaeli


Nkuhungu, 5 Septemba 2024

Shikamoo mume wangu,

Obedi amesimama mlangoni, basi linaunguruma, kwa hiyo habari za hapa ni njema na zote utazisikia nikija. Yanayofuata si yako, mpelekee mwenyewe ayasome.

Mwalimu,

Nilianza kukujibu nikiwa nimekaa, mkono ukagoma. Sasa naandika nimesimama wima nyuma ya meza ya duka, viatu pamoja. Mteja ameniuliza kuna nini. Nimemwambia mwalimu ameingia.

Marahaba. Karibu ndani.

Ruthu